Uso wa Kwendea kwa Daktari

Watu wa Katubza, mtaa mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, walijua kwamba Fortunée hayuko sawa siku aliposinzia katikati ya umbea.

Na haukuwa umbea wa kutupa. Irakiza, Mrundi muuza nyanya ambaye nyumba yake na ya Fortunée zimeegemeana kama walevi wawili, alikuwa amefika penyewe: mzee wa kanisa ameonekana Lilongwe mchana kweupe, kakaa mgahawani na mwanamke asiye mkewe, wanakula kuku sahani moja, na paja wanapokezana. Wanawake waliokaa barazani waliacha hata kuchambua maharagwe. Zamani, hapo ndipo Fortunée angeuliza huyo mwanamke alivaa nini, kitambaa gani, kilishonwa na nani, maana yeye ni fundi wa cherehani na mshono kwake ni ushahidi. Siku hiyo alifungua mdomo, watu wakasubiri swali, ukatoka mkoromo.

Walicheka mpaka machozi. Kisha wakanyamaza, kwa sababu hakuamka.

Nyumba ile haikuwahi kukaukiwa watu. Aliyeingia kambini Dzaleka kutoka Bukavu na begi lake kichwani aliambiwa tangu sokoni: nenda kwa Fortunée, utapata chai na habari, hata kama chai ni ya majani ya jana. Watu walikuja kupimwa gauni asubuhi wakaondoka jioni, gauni halijapimwa bado. Kwaya tatu zilishonewa pale. Ndoa mbili zilipatanishwa pale, na moja ilivunjikia pale pale kwa sababu ya mdomo wa mgeni. Mumewe Fabien, kinyozi wa pale sokoni, alizoea kurudi nyumbani akatafuta pa kukaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Halafu akazaliwa Bora, mtoto wao wa kwanza na wa pekee, waliyemngoja mpaka watu wakachoka kuwaombea. Na tangu hapo mwili wa Fortunée ukaanza kumkimbia kidogo kidogo. Haukuwa uchovu wa kazi. Uchovu wa kazi aliujua, huo ukilala unapona. Huu aliamka nao. Aliamka kama mtu aliyebeba magunia usiku kucha. Mwezi wa kumi, wakati jua la Malawi linapasua vichwa na mbuzi wanagombania kivuli, yeye alivaa sweta. Alikula kidogo, akanenepa. Akichana nywele zinabaki kwenye kitana. Sauti yake, iliyokuwa ikisikika mpaka kwenye bomba la maji, ilizama ikawa ya mwanaume aliyelala na mafua. Na vidole, vile vidole vilivyoweza kutunga uzi kwenye sindano huku yeye anakusimulia jambo na kukutazama usoni, vikaanza kupotea njia. Alimpima mtu kiuno, na kabla hajafika kwenye kitambaa amekisahau.

Watu wakaanza kutibu kwa midomo. Wa kwanza walisema ana mimba nyingine. Mimba haikuonekana, wakasema basi ni ule ugonjwa. Akapimwa, hana, wakasema ni uvivu wa mtu mwenye ndugu Kanada, dada yake mdogo Bella akituma kitu mwisho wa mwezi yeye ataamkia nini? Pale zahanati ya kambi alikwenda mara nyingi hata mlinzi akawa anamsalimu kwa jina la mtoto. Malaria hakuna. Damu iko chini kidogo, akapewa vidonge vyekundu. Alipokwenda tena, yule bwana wa zahanati alimtazama kwa huruma ya mtu mwenye foleni ndefu nyuma ya mlango, akamwambia kwamba wakimbizi wengi wana mawazo, ajaribu kutofikiria sana.

Fortunée alirudi nyumbani akajaribu kutofikiria. Akalala.

Ndivyo ilivyotokea siku maharagwe yake yalipoungua. Aliweka sufuria kwenye makaa, akaketi na Bora mapajani, akasema moyoni afumbe macho kidogo tu. Alipozinduka nyumba ilikuwa imejaa moshi, sufuria nyekundu, na paja halina mtoto. Bora, ambaye ndiyo kwanza anatembea kwa kuyumba, alikuwa ametoka mlangoni, akapita nyanya za Irakiza, akafika barabarani mahali vijana wa kabaza wanaposhuka mteremko na baiskeli zao za abiria bila kugusa breki. Irakiza ndiye aliyemnyakua. Kijana wa kabaza alianguka na abiria wake, akachubuka mkono, akatukana kwa Kichewa, kisha alipomwona mtoto mwenyewe akanyamaza akatetemeka.

Habari ile ilifika Lilongwe kabla moshi haujatoka.

Louise, dada mkubwa wa Fabien, alikuja kutoka Chinsapo, mtaa wa Lilongwe. Yeye aliolewa na Mmalawi muuza mitumba, ana nyumba ya matofali ya kuchoma, anaongea Kichewa kama aliyezaliwa nacho, na mtoto hana. Hilo la mwisho halisemwi mbele yake. Na mzee Gaspard, baba mdogo wao, akaitisha kikao, maana kwa watu wa Bukavu jambo la nyumba likitoka nje haliwi tena la mke na mume, linakuwa la ukoo, na ukoo hukaa, hunywa soda, huamua.

Waliongea kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Fortunée. Mzee Gaspard alisema mwanamke kuchoka si dhambi, hata Sara wa Biblia alichoka, lakini kuna kuchoka na kuna kusahau mtoto. Louise alilia. Alisema amelala macho akiziona zile baiskeli.

"Siko nakunyanganya mutoto, Fortu," alisema. "Niko nakuchungia. Akae kwangu mpaka tujue we uko na nini. Kama docteur ya Lilongwe anaona ugonjwa, utatunzwa, na Bora atarudia. Kama haone kintu..."

Mzee Gaspard ndiye aliyemmalizia: kama haoni kitu, basi ni tabia, na tabia hailei mtoto, atakua kwa shangazi yake, mama atakuwa anaenda kumsalimu. Fortunée alimtazama mumewe. Fabien, anayewanyoa watu mchana kutwa na kubishana nao siasa za nchi tatu, alitazama viatu vyake.

Bora aliondoka mgongoni kwa Louise, amefungwa kwa kitenge cha mama yake mwenyewe, akipunga mkono kama mtu anayekwenda sokoni. Na lililomtia Fortunée hofu kuliko yote ni kwamba usiku ule alilala fofofo. Mama amenyang'anywa mtoto, na hata uchungu haukuweza kumwamsha. Alianza kujiuliza kama wao ndio wenye haki.

Bella ndiye aliyemtoa hapo. Fortunée alimtumia ujumbe wa sauti wa kumweleza kikao, ujumbe mrefu, mara mbili akinyamaza katikati kwa kusahau alikuwa anasema nini. Jibu lilikuja kutoka Kanada likiwa na haraka na hasira, likianza na "yaya", dada mkubwa kwa watu wa Bukavu.

"Yaya, nimesikiliza hii sauti mara tatu. Si sauti yako. Unaongea kama kaseti yenye betri yake imeisha. Mi nilikuwa vilevile nyuma ya kuzala mutoto ya pili, bantu banasema ni baridi ya huku, kumbe ni tiroidi. Omba bakupime tiroidi. Usiombe dawa, usiombe maombi. Sema hivyo: tiroidi. Na usitoke mpaka bakupime."

Akaeleza kwamba tiroidi ni kitezi kidogo kama kipepeo, kinakaa mbele ya koo, ndicho kinachouambia mwili uwake au uzime. Kikilegea, mtu mzima analegea naye. Fortunée alijishika shingo. Kule Kivu kila mtu anaijua rovu, ule uvimbe wa shingoni ambao bibi zake walizeeka nao. Lakini shingo yake haikuwa na uvimbe wowote. Akarudi zahanati, akaomba. Yule bwana alimtazama shingo kwa mbali, akasema rovu hana, na kipimo chenyewe kambini hakipo, aende mjini kama ana uwezo. Bella akatuma pesa ya kipimo. Fabien, pengine kwa aibu ya viatu, alishinda juani kumtafutia ruhusa ya kutoka kambini.

Alifika Chinsapo jioni. Bora alikuwa amevaa gauni jipya na amejifunza kusema "zikomo" kila anapopewa kitu. Alimkimbilia mama yake, akamkumbatia magoti, kisha akarudi kucheza miguuni pa Louise. Fortunée aliliona hilo la pili.

Asubuhi, Louise alitoa sanduku lake la vipodozi.

Hapa ni lazima mtu aelewe watu wa Bukavu. Kwao, kwenda kwa daktari ni kama kwenda kwenye ubatizo. Ukifika umevaa kandambili na kitenge kilichochujuka, nesi anakuita "we, kaa kule". Ukifika umependeza, anakuita "mama", na kiti kinapatikana. Mgonjwa anaweza kuwa hana nguvu ya kushika kijiko, ndugu zake watampaka mafuta mpaka ang'ae, ili asidharauliwe. Ukiwa mkimbizi ndiyo zaidi. Na Fortunée hakukataa. Angekataaje, yeye aliyewashonea watu wangapi nguo za kwendea hospitali? Alikaa kwenye kigoda, akaufunga mdomo, akaacha atengenezwe.

Louise alifanya kazi kwa mapenzi, ni lazima isemwe. Alimvalisha wigi lake zuri, jeusi, linalofika mabegani, juu ya kile kichwa kilichobaki na nywele za hapa na pale. Alimpaka poda mpaka ule unjano wa mashavu ukafa. Nyusi za Fortunée zilikuwa zimetoweka nusu, zinaanzia kwenye pua zinakata njiani. Louise alizichora kwa kalamu mpaka karibu na masikio. Kope zilizovimba zilipata wanja. Midomo ikapata rangi. Shingoni, kwa sababu Fortunée aliona baridi, alimzungushia skafu ya hariri akaifunga fundo la upande.

"Angalia sasa," Louise alisema, akamshikia kioo. "Nani atakudharau?"

Kwenye kioo alikuwepo mwanamke mnene, mwenye afya, wa kwenda kusimamia harusi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Mmalawi, mwenye miwani na sauti ya chini. Aliwaita wote wawili "amayi" kwa heshima, na kiti kikapatikana. Louise alikaa mbele kidogo, kwa kuwa ndiye mwenye lugha, akaeleza. Fortunée alikuwa na Kichewa cha sokoni, cha bei na rangi za vitambaa, kwa hiyo alishika maneno yaliyompita karibu kama mtu anayeshika kuku. Alisikia kulala. Alisikia mtoto, barabara, kabaza. Alisikia "maganizo", na hilo alilijua: mawazo. Louise ndiye aliyelisema kwanza, si daktari.

Daktari alimtazama Fortunée usoni, kwa makini, bila haraka. Akatabasamu. Akaongea kidogo na Louise huku tayari akifunika kalamu yake.

"Anasema unaonekana muzuri," Louise alitafsiri. "Anasema bamama mingi ya kambi biko na ile mawazo. Iko mutu mwenye anasikilizaka bantu, atakupatia siku ya kumuona. Na vitamini."

Sauti yake haikuwa na furaha. Lakini Fortunée alimwona akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua kitu, na akajua wote wawili wamewaza jina moja, la Bora.

Alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi yake tangu Dzaleka. Irakiza ndiye aliyemfundisha, kwa Kichewa chake cha nyanya. Aliitoa sasa, taratibu, kwa ile sauti yake nzito.

"Chonde, dokotala. Yezani magazi. Tiroidi."

Tafadhali, nipime damu. Louise alimgeukia kwa mshangao, akamwambia chini chini kwamba daktari hafundishwi kazi. Daktari naye alishusha miwani. Aliuliza, na Louise akalazimika kutafsiri, nani kamwambia habari za tiroidi, ni simu? Fortunée alisema ni mdogo wake. Daktari akajibu bila ubaya, kama mtu aliyeyasema hayo jana na juzi: kila anayechoka siku hizi anataka tiroidi, kipimo kinapelekwa mbali, na kwa mtu anayeonekana hivi, haoni sababu. Akamwonyesha kwa mkono, kuanzia wigi mpaka viatu. Mtu anayeonekana hivi.

Fortunée alifuata ule mkono. Akaelewa ghafla, naye siku hizo hakuna jambo alilolielewa ghafla, kwamba daktari hakuwa amekosea. Alikuwa ameutazama uso kwa makini, na uso ule ulikuwa na afya. Ila ulikuwa uso wa Louise.

Akavua wigi.

Aliliweka mapajani kama paka. Kisha akafungua fundo la skafu, akailowesha ncha kwa mate, akaanza kufuta. Unyusi wa kulia ulitoka wote. Akafuta wa kushoto. Akafuta poda, na rangi ya midomo ikasambaa kidevuni, hakujali. Louise alisema "Fortu" mara moja, kwa sauti ya mtu aliyeona mwenzake anavuliwa nguo sokoni, kisha akageukia ukutani, kwenye picha ya mama anayenyonyesha.

"Mwambie aniangalie mi," Fortunée alisema. "Huyu njo mugonjwa mwenye umeleta. Yule mwingine alikuwa wa kusindikiza tu."

Louise hakutafsiri. Haikuhitajika. Daktari alikuwa ameshainuka. Alizunguka meza, akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani. Alipitisha kidole pale nyusi zilipokatikia. Akamwambia ameze mate, akapapasa koo. Akamgusa ngozi ya mkono, kavu kama mkungu wa ndizi uliosahaulika. Akampigisha magoti juu ya kiti, akagonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo, akatazama mguu ukiruka haraka halafu ukirudi polepole, polepole, kama unaombwa.

Kisha akauliza maswali, na sasa Louise alikuwa anayatafsiri yote, neno kwa neno, bila kuongeza chake. Unasikia baridi wengine wakisikia joto? Choo unapata? Damu ya mwezi inakujaje? Sauti imebadilika lini? Ulianza kabla ya mtoto au baada? Fortunée alijibu. Mengine hakuwahi kuyasema hata kwa Fabien. Yale ya choo hayasemwi mbele ya dada wa mume, hata ukiwa unakufa. Alimsikia Louise akiyavusha upande wa pili, na kila jibu sauti ya Louise ilizidi kuwa ndogo.

Mwisho daktari alimwuliza Louise jambo moja, kwa Kichewa tupu. Fortunée alilishika juu juu: kwa nini umemleta amejificha? Louise alijibu kwa maneno machache na kichwa chini. Daktari alitikisa kichwa kwa namna ya kuelewa, akaandika kipimo, akawapeleka mwenyewe mahali pa kutolewa damu.

Siku za kungoja jibu, Fortunée alirudi Dzaleka. Baraza lilikuwa limeanza kupungua watu. Si kwa chuki. Watu hawapendi kuketi na mtu anayengoja hukumu, chai hainyweki vizuri. Irakiza alikuja kila siku na ndoo ya maji na habari nusu nusu, habari alizozikata mwisho ili Fortunée asilale kabla. Mwenzake huyo alishangaa kumwona anaomba jambo la ajabu. Watu huomba Mungu wasikutwe na ugonjwa. Fortunée alikuwa amepiga magoti akiomba akutwe nao.

Alikutwa nao.

Waliporudi kwake Lilongwe, daktari alieleza kwa kutumia mikono. Kile kitezi chake kilikuwa kimelegea sana, na mwili wenyewe ulikuwa unakipigia kelele kiamke, ndizo namba zilizopanda kwenye jibu la damu. Huwapata wanawake wengine baada ya kujifungua. Atakunywa kidonge kila asubuhi. Nguvu hazitarudi kesho, zitarudi kwa wiki na miezi. Atapimwa tena, dawa irekebishwe. Na pengine, hapo daktari alipunguza sauti, pengine ni ya maisha. Louise alitafsiri. Fortunée alilia kwa sauti, akasema zikomo, zikomo, mpaka daktari akacheka kidogo akampa kitambaa. Si mvivu. Si mchawi, si mwenye kulaaniwa, si mama mbaya.

Njiani kurudi Chinsapo Louise alitembea mbele, haraka, na mtu anayemjua Louise anajua hiyo ni ishara ya mvua.

Walikuta Bora ameamka, yuko na msichana wa jirani. Louise alimbeba, akaketi kwenye mkeka, akampakata. Fortunée aliketi mkabala nao akanyoosha mikono. Louise hakumpa.

"Alisema maisha yote," Louise akasema.

"Alisema pengine."

"Pengine maisha yote. Na nguvu itarudia polepole." Alikuwa anampapasa Bora mgongoni, juu, chini. "Fikiria we mwenyewe, Fortu. Wakati tulisema we ni muvivu, nilijiambia siku moja utajikaza. Muvivu anajikazaka. Mugonjwa atajikaza na nini? Kesho utasinzia tena, na ile njia ya kabaza iko palepale. Mi siwezi kumurudisha pale. Hata Gaspard akisema."

Alichokipigania Fortunée mpaka akavua wigi mbele ya mgeni kilikuwa kimechongwa fimbo, na kinampiga. Akiwa mzima, hana kisingizio, mtoto haji. Akiwa mgonjwa, hana nguvu, mtoto haji. Alimpigia Fabien. Fabien alifurahi, akamshukuru Mungu, akasikiliza lililofuata, kisha akasema kwamba yaya Louise ana hoja, tutaona. Fortunée alikata simu.

Angeweza kupiga kelele. Chinsapo nyumba zimebanana, watu wangejaa, angepata mashahidi. Zamani angefanya hivyo. Lakini alikuwa amechoka, na uchovu ule, kwa mara ya kwanza, ulimsaidia: ulimfanya anyamaze mpaka akaona. Mkono wa Louise mgongoni mwa mtoto ulikuwa umelikunja gauni lake ngumini. Huyu hakuwa mwizi. Alikuwa mwanamke ambaye nyumba yake ya matofali, tangu aolewe, ilikuwa haijawahi kusikia mtoto akiomba maji.

"Unasema kweli, yaya," Fortunée alisema. "Nitasinzia tena. Siwezi kukudanganya, hata sasa niko nasikia usingizi. Lakini mulisema mpaka tujue, na sasa tunajua. Mutoto hawezi kukaa kwako juu ya ugonjwa yangu, atakua akisema mama yangu ni ule mwenye anakuyaka kutusalimia."

Louise alimvuta Bora karibu zaidi.

"Kuya kwangu," Fortunée akaendelea. "We na yeye, mote mubili. Kitanda changu utalala we, mi na Fabien tutajua. Kaa mpaka docteur anipime tena. Wakati nalala, utamuchunga. Nikiamuka, nitamuchunga mi, na we utakuwa unaangalia. Siku utaona mwenyewe kama naweza, utarudia. Siku yenyewe utaichagua we, si mi, si Gaspard."

"Na bwana yangu?"

"Muache apike nsima yake peke yake kidogo. Atakuya kukutafuta na miguu."

Kitu kilipita kwenye mdomo wa Louise, kicheko kilichokataa kutoka. Kisha uso ukakunjamana. Alisema, akimwambia Bora zaidi kuliko mama yake, kwamba ile nyumba ya Katubza ina kelele, watu wanaingia kama soko, mtu hapati hata pa kuvulia viatu. Fortunée alisema ndiyo, ni kweli. Louise akasema watamsengenya kwamba mumewe amemfukuza. Fortunée alisema hilo ndilo la kwanza watakalosema, Irakiza ataanza kabla begi halijatua.

Jirani alikuwa anatwanga. Louise alisikiliza ile mitwango muda mrefu, kidevu kikiwa juu ya nywele za mtoto.

"Ile dawa," akauliza hatimaye, "ni mbele ya chai ao nyuma?"

"Mbele. Na tumbo tupu. Saa moja mbele."

"Basi ni mi nitakuwa nakuamusha," Louise alisema. "Juu we ukijiamusha mwenyewe, tutakunywa chai saa sita."

Akamtua Bora kwenye mkeka, katikati yao. Mtoto alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, asielewe kwa nini hakuna anayemwita. Akarudi miguuni pa Louise, akashika upindo wa kitenge chake. Louise aliufumbua ule mkono mdogo kidole kwa kidole, akainuka, akaingia ndani kutafuta begi. Bora akaanza kulia akiutazama mlango. Fortunée hakumvuta. Alisogea karibu, akakaa, akapambana na kope zake zisifunge, akangoja kilio kiishe.